Kereng'ende mwenye rungu mkiani: anza na macho

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia Morogoro. Nimepiga picha za kereng'ende wawili, wote weusi wenye michirizi ya njano, na mikia yao imetanuka mwishoni kama rungu. Kitabu chetu kinasema hiyo ni alama ya familia ya Gomphidae. Wa kwanza alikuwa juu ya kijiti bwawani; wa pili alining'inia kwenye tawi kivulini, karibu na mto. Mtoni humo tulichota mchanga tukapata pia mdudu bapa mwenye miguu mifupi. Je, wote watatu ni familia moja? Na ni kweli mkia huo unachoma? Wanafunzi walikataa kuwashika.

JIBU: Mwalimu, nimezikuza picha zako mpaka zikaanza kupasuka. Wa kwanza ni Gomphidae. Wa pili siye. Wa tatu, kwa furaha yangu kubwa, ni Gomphidae, na nitamrudia.

Kosa si lako. Hata jina la familia linatuelekeza mkiani: "gomphos" ni Kigiriki, maana yake kigingi au msumari, na Mfaransa Rambur alianzisha familia hii kwa jina hilo mwaka 1842. Ila rungu si kitambulisho cha kutegemea. Tumbo la kereng'ende (ndilo hilo tunaloliita mkia) lina pingili kumi, na rungu hutokea pale pingili za saba hadi tisa zinapotanuka. Kwa madume huonekana vizuri. Kwa majike mara nyingi hufifia, na zipo spishi ambazo hata dume hana rungu la kutajika. Halafu wapo wasio wa familia hii kabisa, na rungu wanalo. Wa pili wako ni mmoja wao.

Tazama kichwa. Kereng'ende wanene, wale wanaotandaza mbawa wakitua, karibu wote macho yao hukutana juu ya kichwa, yamegusana kama kofia mbili zilizobanana. Kwa Gomphidae hayagusani. Kati yake pana nafasi ya wazi, na mtu mwenye macho mazuri huiona bila lenzi. Kwa Afrika Mashariki alama hii inatosha: ukimkuta kereng'ende mnene mwenye macho yaliyoachana, huyo ni Gomphidae. Wale wembamba wanaofumba mbawa mgongoni nao macho yao yameachana, lakini ni kundi jingine na umbo lao halikuchanganyi.

Sasa rudi kwenye picha ya pili. Macho yamekutana, rangi ya kijani inayong'aa, na mwili umening'inia wima. Huyo ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu ndani ya familia) Phyllomacromia, familia ya Macromiidae. Rangi nyeusi na njano pamoja na rungu vimewapoteza wengi, nami nimo: nilipokuwa naanza kazi nilijaza kisanduku kizima kwa jina lisilo lake.

Wa kwanza ni Ictinogomphus ferox, ambaye naye alipewa jina na Rambur mwaka ule ule wa 1842. Angalia pingili ya nane: pembeni ina vipande bapa kama majani madogo. Ni mkubwa, hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, hurudi kwenye kijiti kile kile mara kwa mara, na jua likiwa kali huinua tumbo juu. Wengi wa jamaa zake hawana tabia ya kijiti. Hutua juu ya mawe au mchanga. Ukiona mtoni kereng'ende wa rangi ya udongo amekaa juu ya jiwe, na koleo za mkiani zimejikunja kama ndoana, hilo ni dume la Paragomphus. Mmoja wa jenasi hiyo, Paragomphus genei, ameenea Afrika mpaka Uhispania, na Oman yupo pia.

Kuhusu kuchoma: hawachomi. Koleo hizo ni za dume kumshika jike kichwani wakati wa kujamiiana. Jike wa familia hii hana hata kile kisu cha kutobolea mimea alichonacho jike wa baadhi ya familia nyingine. Hugusisha ncha ya tumbo majini tu, mayai yakatoka. Waambie wanafunzi washike, kwa kukusanya mbawa zote nne juu ya mgongo.

Huyo wa mchangani ni lava, yaani kereng'ende mchanga aishiye majini kabla ya kuota mbawa. Kilichonithibitishia ni vipapasio: vina pingili nne tu, ya tatu imevimba na ya nne ni kijinundu, ilhali lava wengi wa familia nyingine wana vipapasio vyembamba kama uzi. Mweke kwenye sahani yenye maji na mchanga wa kidole kimoja. Ataanza kuchimba kwa miguu ya mbele, na muda si mrefu utabaki kuona ncha ya tumbo tu. Ncha hiyo ndiyo pua yake: huvuta maji kwa tundu la nyuma, na matamvua yake ya kupumulia yamo ndani ya utumbo. Jenasi Neurogomphus wamerefusha pingili ya mwisho ikawa kama mrija, ili wazame zaidi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na malori yanayozoa mchanga mitoni, na miti ya kingo inayokatwa maji yakajaa tope. Kule Kenya, Notogomphus maathaiae alipewa jina kisayansi mwaka 2005 kwa heshima ya Wangari Maathai, naye anahesabiwa yuko hatarini, kwa kuwa makao yake ni vijito vya misitu.

Mkirudi mtoni, nendeni asubuhi mkakague mawe ya ukingoni. Lava akikomaa hupanda hapo, mara nyingi akalala kifudifudi, akavua gamba na kuruka. Gamba hubaki limeshika jiwe, na vipapasio vyake vimo. Likaushe, uliweke kwenye kibiriti, nalo hubeba alama zote bila kuua mdudu. Na kwa picha, piga moja ya kichwa kutoka juu kabla ya kuhangaika na mkia.