Mtoto wa mbwa ameanza kufanya matege

SWALI: Nina mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd, mwenye umri wa miezi mitatu na nusu. Tangu alipoachishwa kunyonya tunampa ugali laini na nyama ya ng'ombe ya kuchemsha isiyo na mfupa, tena nyama nyingi. Anakula vizuri, lakini miguu yake ya mbele imeanza kufanya matege na anasita kushuka ngazi. Jirani anashauri nimwongezee unga wa mifupa, na muuza dawa za mifugo anashauri chakula kikavu cha mfuko, ambacho orodha yake ya viambato inaanza na mahindi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, naye akiona haja atampiga picha ya eksirei, hadi hapo msimwache aruke wala apande ngazi, kwani mfupa uliolegea huvunjika kwa jambo dogo.

Kwa maelezo yako, ninashuku chakula. Mifupa hujengwa kwa madini ya kalisi (kalsiamu) na fosforasi. Fosforasi iliyomo katika nyama tupu ni mara 15 hadi 20 ya kalisi, ilhali mbwa anayekua anahitaji kalisi isiyopungua fosforasi na isiyozidi mara mbili yake. Ugali hauzibi pengo hilo, kwa kuwa mahindi nayo yana kalisi kidogo mno. Mwili, ili kulinda kiwango cha kalisi katika damu, huichota kutoka kwenye mifupa, na hivyo ukarimu wenu wa nyama, ambao wengi wangeusifu, ndio unaomlegeza.

Jirani ameligusa tatizo, ila dawa yake bila vipimo ni hatari. Mbwa wa aina kubwa aliye chini ya miezi sita hawezi kuizuia vyema kalisi ya ziada isipenye kutoka utumbo hadi kwenye damu, na ikizidi nayo hupotosha mifupa. Kwa mbwa anayekula chakula kamili cha mfuko, unga wa mifupa usiongezwe kabisa.

Mimi ningemfuata muuza dawa. Orodha kuanza na mahindi kusikutishe: viambato hupangwa kwa uzito wake vinapoingia kiwandani, pamoja na maji yake, na kwa kuwa nyama mbichi ni maji kwa karibu robo tatu, inaweza kuongoza orodha huku ikichangia protini kidogo kuliko unga wa samaki uliotajwa wa tatu. Mahindi yaliyopikwa vizuri mbwa huyameng'enya bila shida; la kuogopa ni sumukuvu, ambayo huharibu ini lake, hivyo mfuko wenye unyevu au harufu ya ukungu urudishwe dukani.

Tafuta maandishi yanayosema kwamba ni chakula kamili cha mbwa wanaokua, wakiwemo wa aina kubwa. Viwango vya AAFCO, chama cha maafisa wanaodhibiti vyakula vya wanyama nchini Marekani, ambavyo hupimwa maji yakishaondolewa, vinataka protini isiyopungua asilimia 22.5, mafuta asilimia 8.5, na kalisi kati ya asilimia 1.2 na 1.8 kwa mbwa wa ukubwa huo. Kibadilisheni chakula taratibu kwa siku saba, mkimlisha mara tatu kwa siku, na msimnenepeshe: mbavu zake zipapasike kwa urahisi. Nyama ibaki kionjo, isizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku.