Usichomelee bapa la mkasi huo!

Wewe wa Nakuru uliyenunua mkasi wa mitumba wa kukatia fensi, wenye ufa karibu na bolti, na kesho unaupeleka kwa welda: acha. Nilifanya hivyo hivyo, nikashonwa mishono sita kiganjani.

Wangu niliupata Kibuye, hapa Kisumu, kwa shilingi 500. Chuma kizuri cha zamani, ufa mwembamba kama unywele. Fundi akaniambia, "Chuma ni chuma, mzee wangu. Hapa patashika kuliko mwanzo." Akachomelea, na bapa likiwa bado jekundu akalitumbukiza kwenye debe la maji. Akalipitisha grinda mpaka likang'aa, akachukua 300 zake.

Kesho yake nikaingia kwenye fensi yangu ya kayaba, ule mti wa miiba. Tawi la tatu, unene wa kidole gumba tu, bapa likakatika ta! Weldi yenyewe ilikuwa nzima. Lilikatikia ubavuni mwake, kipande kikanipasua kiganja.

Chuma cha makali kina kaboni nyingi. Kikiwa chekundu kisha kipoe ghafla, kando ya weldi kinakuwa kikavu, chepesi kuvunjika kama glasi. Mbele kidogo, pale palipogeuka buluu, kinalegea. Tupa ilikuwa ikipauma kama msumari, makali hayakai tena. Nilimrudia fundi, akasema nilikata vibaya. Miaka kumi nakata fensi ile ile! Bado inaniuma. Anayejua kuchomelea mageti aseme anajua mageti, asichukue pesa ya mtu kwa kitu asichokielewa.

Kwa hiyo mpini chomelea, makali kamwe. Huna uhakika? Gusisha grinda kidogo: cheche zikipasuka vinyota vingi, hiyo ni kaboni, ondoa mkono. Hata mkia wa panga, ule unaoingia kwenye mpini, ukitaka kuuchomelea, upashwe kwanza kwenye makaa, nyuzi 200 hivi au zaidi, makali yakiwa nje ya moto. Rodi za kuchomelea ziwe za namba 7018, kavu, si zilizolala kwenye unyevu. Ukimaliza, fukia kwenye jivu mpaka asubuhi. Fundi akikimbilia debe la maji, chukua panga lako uende.

Hilo bapa lenye ufa lifungue bolti ulitupe. Mikasi iliyovunjika mipini huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Nenda na bolti yako mfukoni, pima tundu moja moja hadi upate bapa linaloingia.