Bibi na wajukuu wakisaka mwizi, Lamu inafaa kabisa

Dadangu umeuliza kama hadithi ya bibi na wajukuu wanaosaka mwizi wenyewe bila polisi inaweza kukaa Lamu, au lazima iwe kijiji cha Uingereza. Inakaa, tena vizuri sana! Hizi hadithi hazitaki damu nyingi wala bastola, zinataka mahali watu wanajuana, na pale Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, mtu akipita kichochoroni usiku uko kitandani unamjua kwa kandambili zake. Halafu kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, kina mama zamani walipita huko bila kushuka chini, sasa mweke bibi hapo na kahawa yake, anasikia yote ya njiani na hakuna anayemwona, polisi atapata wapi nafasi kama hiyo? Kidokezo cha kwanza ningekiweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya pambo: sahani ya kale imeibiwa, imebaki duara kwenye vumbi, lakini mjukuu anayezipangusa kila Ijumaa anaona lile duara ni dogo kuliko sahani yenyewe. Hapo mimi silali tena.

Na kwa Kiswahili njia ilishafunguliwa, Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, yuko vitabuni tangu 1960 na wala si polisi, ila yeye huenda na swahiba yake Najum, si na familia. Kwa hiyo andika, ila tafadhali huyo bibi usimfanye mbea wa kuchekwa, mpe akili.