Daktari wa Wanyama Ajibu: Great Dane Aliyeachwa Malindi

SWALI: Shikamoo daktari. Nilikuwa mlinzi wa nyumba moja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Mwenye nyumba amerudi kwao Italia na kuniachia mbwa dume wa mbegu ya Great Dane, mwenye umri wa miezi saba, pamoja na pesa za chakula za muda, akasema kwamba huenda asirejee. Nimemchukua nyumbani kwangu Maweni, ninakoishi na mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Mbwa ni mpole, lakini mbavu zake zinaonekana na majirani wananisema kwamba namshindisha na njaa. Muuza dawa za mifugo amenishauri nimtilie unga wa kalsiamu katika chakula ili mifupa iwe imara. Mchana kutwa hulala akihema, ulimi nje. Tena mama anaswali humu ndani, na mate ya mbwa huyu hayana kipimo. Naomba mwongozo wako.
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huo unga wa kalsiamu, kwa kuwa ndio unaoweza kumdhuru upesi zaidi katika yote uliyoyataja. Ikiwa unamlisha chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa, kalsiamu imo ndani yake kwa kipimo, na ukiongeza nyingine unaharibu kipimo hicho. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilea watoto wa Great Dane kwa chakula chenye kalsiamu ya ziada, wakaona mifupa yao inakua kwa kasoro. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa mbwa mzima wa kuikataa kalsiamu asiyoihitaji. Mwenye kukushauri hakuwa na nia mbaya, ila alifikiri kwamba mwili mkubwa unataka dawa nyingi.

Kumbuka pia kwamba mnyama huyu alizaliwa hajafika hata kilo moja, na akiwa mzima atapita kilo 60. Mifupa inayokimbizana na uzito wa namna hiyo haitaki kuharakishwa, kwa hiyo usimnenepeshe ili majirani wanyamaze. Mpime kwa mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi, kisha upitishe kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, amekonda kupita kiasi. Fungua kiganja na upitishe kidole upande wa ndani, penye nyama chini ya vidole: zikihisika hivyo, amenenepa. Mwisho geuza mkono huo uliofunguka na uguse mgongo wa mkono wenyewe, pale mifupa inapohisika chini ya ngozi bila kuchomoza. Mbavu zake zikiwa hivyo, basi hali yake ni nzuri, hata kama kwa mbali anaonekana kama ngalawa isiyopigwa rangi.

Pesa alizokuachia zikiisha utalazimika kupika, nami sikatazi. Mchanganyie wali au ugali na nyama au samaki aliyetolewa miiba, lakini kabla ya kuanza mwone daktari akupimie, kwa sababu nyama tupu ina kalsiamu kidogo mno na hapo ndipo nyongeza, kwa kipimo cha daktari, huwa na maana. Makombo ya mchuzi usimpe, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, nayo uitupe mbali. Unga wa mahindi uwe ule ambao wewe mwenyewe ungeula: sumu ya kuvu, iliyoua zaidi ya watu 100 huko Ukambani mwaka 2004, humwua mbwa vilevile, na nimeona watu wanaotenga mahindi yaliyoota ukungu wakisema haya ni ya mbwa.

Gawa chakula cha siku mara tatu sasa, na mara mbili atakapokuwa mkubwa. Usimpe sahani moja kubwa jioni, wala usimwache akimbie mara tu anapomaliza kula. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu hupatwa na maradhi ambayo tumbo hujaa hewa kisha hujipinda, njia ya chakula na ya damu zikafunga. Miaka kadhaa nyuma niliamshwa alfajiri na mtu aliyeniletea mbwa wa mbegu hiihii nyuma ya pikapu. Mbwa alikuwa ametanua miguu, anajaribu kutapika na hatoi ila povu jeupe, na nilipompiga kidole ubavuni palilia kama ngoma. Alikuwa hivyo tangu saa nne ya usiku, na wenyewe walidhani amevimbiwa, wakampa maji ya tangawizi. Alikufa kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji. Maradhi hayo hupimwa kwa saa, na tiba yake ni upasuaji, kwa hiyo leo hii, mbwa akiwa mzima, tafuta ni daktari gani aliye karibu anayepasua usiku, na nambari yake uibandike mlangoni. Siku utakapomhasi, muulize daktari kama anaweza kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili wakati huohuo, kwa kuwa tumbo lililoshonwa ni nadra kujipinda. Nitaongeza jambo moja ambalo wengi hulifanya kwa huruma, nalo ni kumwekea bakuli juu ya kigoda ili asiiname: utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta mbwa waliolishwa juu wakipatwa na maradhi haya zaidi. Bakuli likae chini.

Kuhusu kuhema kwake, mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na koo, na hewa yetu ya Malindi, hasa miezi ya kaskazi, ina unyevu mwingi hata maji hayo hayakauki upesi. Mwili mkubwa nao huchelewa kupoa. Mlaze kwenye kivuli cha makuti au cha mwarobaini panapopita upepo, si kwenye chumba cha mabati, na maji yawe mawili: karai moja hapa na jingine kule, kwa kuwa atalipindua moja. Yawe maji matamu, maana visima vingi vya huku vina chumvi. Mtoe kabla ya jua kupanda au baada ya magharibi, na kabla hujamtoa weka mgongo wa mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo, yeye pia atashindwa. Matembezi yawe mafupi, asirukeruke ngazi wala asikimbizwe na pikipiki, kwa kuwa viungo vyake havijakomaa mpaka apate mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ukipata nafasi mpeleke baharini asubuhi aogelee, kwa maana maji humbeba uzito. Asinywe maji ya bahari, na ukifika nyumbani mwoshe chumvi.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Akianza kuyumba, ufizi ukawa mwekundu sana na mate yakawa mazito, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na umkimbize kwa daktari huku ukiendelea kummwagia. Usisubiri apoe ndipo uondoke.

Kuhusu mama, hukumu utaiuliza kwa imamu wako, kwa kuwa mimi si shekhe. Ila wengi wetu Pwani ni wafuasi wa Shafi, na tunajua kwamba mate ya mbwa ni najisi na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa awe na banda lake na vyombo vyake uani, na chumba cha mama kiwe na mlango unaofungwa. Mbwa wa mbegu hii midomo yao inaning'inia, na akitikisa kichwa mate hufika ukutani, kwa hiyo umbali wa mkeka na mkeka hautoshi. Heshima ya mama itakusaidia hata na majirani.

Muulize yule bwana, kwa simu, kama mbwa ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hana, achanjwe wiki hii, kisha kila mwaka. Kupe uwatazame kila siku masikioni na katikati ya vidole.

SWALI: Daktari, nina nyumba ya wageni Shela, Lamu. Nataka kununua mtoto wa Great Dane awe mlinzi. Wanasema ni mbwa mrefu kuliko wote duniani. Unanishauri vipi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Usimnunue. Urefu ni kweli: aliyepata kuandikwa kuwa mrefu kupita wote, Zeus wa Michigan, Marekani, alifika sentimita 111.8 begani, na alikufa mwaka 2014 kabla ya kutimiza miaka sita. Great Dane wengi huishi miaka minane hadi kumi tu. Ulinzi ndio mbwa huyu asioujua: jina lake ni la Denmark lakini asili yake ni Ujerumani, alikofugwa kuwinda nguruwe mwitu, na wa siku hizi wengi ni wapole kiasi cha kumlamba mwizi. Katika vichochoro vyenu, punda akija na mzigo na mbwa wako akija upande wa pili, mmoja itabidi arudi nyuma. Halafu tumbo likijipinda usiku, utatoka Shela kwa boti ukimtafuta wa kumpasua.

Na Lamu ina mbu. Mwaka 1958 wanasayansi walieleza mnyoo unaoenezwa na mbu, ambao leo huitwa Brugia patei kwa jina la kisiwa cha Pate, na waliukuta kwa mbwa na paka wa huko. Kama unataka mlinzi, tafuta mtoto wa mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, mwenye koo la kubweka, umpe jina na umlishe vizuri.