Maswali na majibu: Reinhard, Yang na huyo dikteta mwema wenu

Tangu niliposifu Legend of the Galactic Heroes (LOGH) katika ukurasa huu, maswali hayajakoma. Kwa mgeni: ni katuni ya Kijapani ya vita vya angani kati ya milki na Muungano wa Sayari Huru, Reinhard akiwa jemadari wa milki na Yang wa Muungano. Nimechagua machache. Yale yote ya "Je, Yang anakufa?" nimeyaweka kando, na yakija tena nitayaweka kando tena.

Nianzie wapi? Kuna filamu, kuna vipindi 110, kuna vingine 52. Nimechanganyikiwa. Msomaji, Umoja.

Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote. Tafadhali likate jibu ulibandike ukutani. Anza na filamu ya 1988, My Conquest Is the Sea of Stars. Fuatisha ile ya 1993, Overture to a New War, ambayo inasimulia upya, kwa upana zaidi, yaliyomo katika vipindi viwili vya kwanza. Kisha ingia kipindi cha tatu na usisimame hadi cha 110. Vile 52 vinarudi nyuma hadi siku za ujana wa Reinhard na Yang. Vilitengenezwa mwisho, na vitazamwe mwisho, kwa sababu utamu wake wote uko katika kujua hao vijana wataishia wapi.

Na usiruke vipindi ambavyo watu wanakaa mezani wakizungumza. Hadithi yenyewe iko mezani hapo.

Ya zamani au ile ya 2018? Msomaji, Kasarani.

Ya zamani. Ile mpya, Die Neue These, ina manowari za kupendeza macho na siwalaumu wanaoipenda, lakini vipindi vyake 48 vya kati ya 2018 na 2022 vinaishia katikati ya hadithi. Ukimaliza utalazimika kurudi kwenye ya zamani tu.

Sipendi kusoma maandishi chini ya picha. Nitapata wapi vipindi 110 kwa sauti ya Kiingereza? Msomaji, Pipeline.

Hakuna. Soma. Ila jihadhari na nakala za mitaani. Miaka kadhaa iliyopita niliwekewa mfululizo wote kwenye flash na duka moja la katikati ya jiji. Maandishi yalichelewa nyuma ya sauti, na nilipohesabu vipindi nikapata 109. Kilichokosekana kilikuwa cha 26. Waliokwisha kutazama wanajua nilichonyimwa. Nilifungua cha 27 nikakuta hadithi imesonga mbele na sijui kilichotokea. Tangu siku hiyo nasema: kazi ya watu inunuliwe kwa njia halali, na ikiwa huna pesa mwezi huu, subiri mwezi ujao.

Vita vya angani bila roboti hata moja? Mbona? Msomaji, Buruburu.

Kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuza roboti. Kumbuka Gundam ya 1979, katuni ya roboti za vita. Ilirushwa kwenye televisheni kwa pesa za kampuni ya vitu vya kuchezea, na watazamaji walipokuwa wachache ikakatwa: ilipangwa vipindi 52, ikaishia 43. LOGH ilitoka tofauti. Kuanzia 1988 kanda zake za video zilitumwa kwa posta kwa watu waliojiandikisha na kulipia, na riwaya kumi za Yoshiki Tanaka zilikuwa zimekwisha kukamilika mwaka uliotangulia, hivyo mwisho wa hadithi ulijulikana. Anayelipa akiwa ni mtazamaji mwenyewe, mwongozaji anaweza kumpa kipindi kizima cha mabishano ya baraza la mawaziri. Noboru Ishiguro aliyeongoza kazi hii alikuwa amekwisha kufanya katuni ya Macross ya 1982, ambayo ina roboti tele. Alijua kuzichora. Hapa hazikuhitajika.

Nimetazama muhtasari wa dakika 20 mtandaoni na sioni cha ajabu. Msomaji, Zimmerman.

Hukutazama. Ulisimuliwa.

Ndugu mwandishi, nimemaliza LOGH na nimekubali: afadhali mfalme mmoja mwenye akili kuliko wanasiasa mia moja wezi. Kenya inamhitaji Reinhard wake. Unasemaje? Msomaji, Roysambu.

Nasema umetazama nusu, na barua kama yako ninazo nyingi mno. Ambaye hajafika katikati ya hadithi aruke jibu hili.

Umemsahau Rudolf. Milki ambayo Reinhard anaiangusha haikuletwa na mvamizi. Rudolf von Goldenbaum alikuwa askari shujaa aliyeingia kwa kura, akichaguliwa na watu waliochoshwa na ufisadi na ulegevu. Wakampa uwaziri mkuu na ukuu wa nchi kwa pamoja, kisha utawala wa maisha, kisha taji, na kila hatua waliipigia makofi. Baadaye akatunga sheria ya kuwaondoa duniani walemavu na wote aliowaona kuwa wana damu dhaifu. Walioguna wakakuta bunge limefungwa lisifunguliwe tena. Ukoo wake ukakaa madarakani karibu miaka 500. Maneno unayoniandikia leo ndiyo waliyoyasema wapiga kura wake siku ya kwanza.

Umesahau pia Westerland. Bwana mkubwa mmoja, Braunschweig, anaipiga sayari yake mwenyewe kwa mabomu ya nyuklia kwa sababu wakazi walimwasi. Watu milioni 2. Upande wa Reinhard ulipata habari mapema. Oberstein, mshauri wake, akashauri jambo liachwe litokee, lirekodiwe, na picha zioneshwe milki nzima ili makabaila wachukiwe. Likatokea. Likarekodiwa. Na huyo Reinhard ndiye mtawala bora kuliko wote ambao hadithi hii inaweza kumtunga: kijana, mchapakazi, hali rushwa, anawapenda askari wake. Ikiwa aliye bora anatufikisha Westerland, wa pili wake atatufikisha wapi?

Kwamba Muungano wa Sayari Huru umeoza, nakubali, na mfululizo haufichi. Baraza lao linapeleka askari milioni 30 kuvamia milki kwa kuwa uchaguzi unakaribia na ushindi ungewapandisha machoni pa wapiga kura. Watatu tu wanapinga, na mmoja wao, Trunicht, anapinga kwa sababu ameshapiga hesabu kwamba wenzake wataanguka na yeye atapanda. Jeshi linafika, linakuta adui ameondoa chakula chote vijijini, linalazimika kuwalisha waliokombolewa hadi maghala yake yenyewe yanakauka, ndipo linapigwa katika pigano la Amritsar. Mkenya hahitaji kuelezwa siasa za namna hiyo. Tumeziona.

Lakini msikilize Yang baada ya pigano la Vermillion, akiwa ndani ya manowari ya Reinhard, amekataa cheo anachopewa. Hoja yake ni kwamba ubaya mkubwa wa utawala wa mtu mmoja ni kuwapa raia nafasi ya kumtwika mwingine makosa ya nchi yao. Anayepiga kura hana wa kumtwika. Kosa ni lake, kwa hiyo na kulirekebisha ni kazi yake. Ndiyo maana alipoamriwa na serikali yake mbovu asitishe vita, akiwa amebakiza kidogo kumfyatulia Reinhard risasi ya mwisho, alisitisha. Vijana wengi huniambia hapo Yang alikuwa mjinga. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa mkubwa kuliko wanajeshi wote wa hadithi hii: alikuwa na bunduki, na hakuichagulia nchi yake kiongozi.

Sisi tulikwisha kuwa na chama kimoja na sauti moja. Waliokwenda Kamukunji Julai 7, 1990 kudai vyama vingi walipigwa na serikali iliyojiita mlinzi wa umoja na amani. Vyumba vya chini ya Nyayo House walifungiwa watu waliosema au kusoma wasichoruhusiwa. Wapo wazee hapa Nairobi waliotoka humo wakiwa hai. Watafute ukawaulize kuhusu mtawala mmoja mwenye nguvu, kisha uniandikie tena.

Reinhard na Yang wakikutana kwa meli sawa, nani anashinda? Msomaji, South B.

Soma jibu lililotangulia.

Muziki wake mbona ni wa kanisani? Nauruka. Msomaji, Kawangware.

Si wa kanisani, na tafadhali usiuruke. Ni Mahler, Bruckner, Dvořák, Beethoven, Shostakovich, watunzi waliopiga hesabu ya kila sauti kama jemadari anavyohesabu manowari. Rudi kwenye filamu ya 1988, pigano la Tiamat. Reinhard ametumwa mbele peke yake na wakubwa wanaotaka afe. Badala ya kupigana anageuza kikosi chake chote na kukatiza katikati ya majeshi mawili, ubavu wazi mbele ya mizinga ya adui. Hakuna anayefyatua, kwa kuwa hakuna anayeamini anachokiona. Wakati wote huo inapigwa Bolero ya Ravel. Ngoma ni moja, mdundo ule ule mwanzo hadi mwisho, na wimbo ule ule unapokezanwa, filimbi kwa tarumbeta kwa zeze, kila mara ukipanda kidogo. Sisi tuliokulia penye ngoma tunapaswa kuielewa haraka kuliko watu wengine: mdundo haubadiliki, joto ndilo linalopanda. Mizinga inapofyatuka hatimaye, unakuta umeshika kiti. Ila tazama nyumbani, kwa vifaa vya masikioni. Ndani ya matatu ya Rongai hutasikia kitu.

Majina ni mengi na yote ya Kijerumani. Nifanyeje? Msomaji, Kahawa West.

Daftari na kalamu. Mhusika anapotokea, jina na cheo chake huandikwa kwenye skrini, nakili hapo. Ya Kijerumani ni ya upande wa milki tu, na hayo ni mazoea aliyoyaacha Rudolf. Upande wa Muungano majina yametoka kila pembe ya dunia.

Kijana wangu ana miaka 9 na anapenda katuni za angani. Nimwekee? Mama wa wawili, Donholm.

Hapana, mama. Kuchorwa kwa kitu hakukifanyi cha watoto. Humo kuna gesi inayolipuka ambayo ikimwagwa bunduki haziwezi kutumika, na askari wanaingiliana kwa mashoka ndani ya meli, na kamera haigeuki pembeni. Mngoje afike miaka 15, kisha mtazame pamoja, kipindi kimoja au viwili kwa usiku. Mkifika Westerland, simamisha picha umuulize yeye angefanya nini kabla hujamwonesha walichofanya.