Kumtetea kiongozi wa dini aliyefungwa, ukiwa uhamishoni

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba kiongozi wako wa dini amewekwa kizuizini bila mashtaka, nawe, ukiwa uhamishoni, unataka kupaza sauti bila kuwaponza waumini waliobaki nyumbani. Anza na familia yake: wasipokubali, usichapishe jina wala picha, kwa sababu utawala wa kiimla, unaposhindwa kumfikia aliye mbali, huwaadhibu walio karibu. Wakikubali, andika tarehe, mahali na waliomkamata, kisha upeleke malalamiko kwa Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Kuwekwa Kizuizini Kiholela, kilichoundwa mwaka 1991, ambacho hakikulazimishi kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nchini. Dai lako liegemee Kifungu cha 18, kinacholinda uhuru wa dini, cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, wala usilichanganye na kampeni ya chama cha siasa (vishawishi hivyo ni vingi ughaibuni), maana serikali hungoja kisingizio hicho. Fedha usitume nyumbani kabla ya kumwuliza wakili anayezijua sheria za huko. Simu za waumini zichukulie kuwa zinasikilizwa.