Rais wa Marekani hawezi kupunguza makombora ya nyuklia peke yake

Je, rais wa Marekani anaweza kupunguza makombora ya nyuklia ya nchi yake? Hapana, si kwa uamuzi wake tu. Kinachombana ni pesa. Kwa miaka mingi sasa, sheria ya ulinzi inayopitishwa na Bunge kila mwaka imekuwa na kifungu kinachokataza fedha kutumika kushusha idadi ya makombora ya nchi kavu ya masafa marefu chini ya 400, au kupunguza utayari wake wa kurushwa. Matengenezo na usalama vimeruhusiwa, kwa hiyo kombora likitolewa kwenye shimo lake la kurushia ili likarabatiwe si kosa.

Bunge huweza hata kulazimisha silaha ambayo Ikulu haiitaki. Mwaka 2022 serikali ya Biden ilitaka kufuta kombora jipya la nyuklia la kurushwa baharini, Bunge likaendelea kulitengea fedha.

Gharama nazo zina mtego wake: makadirio ya mradi wa silaha yakipanda kwa 25% au zaidi juu ya gharama rasmi iliyowekwa kuwa msingi wa sasa, mradi unahesabiwa umekufa mpaka Waziri wa Ulinzi athibitishe kwa Bunge kwamba ni wa lazima na hakuna mbadala wa bei nafuu zaidi. Sentinel, kombora jipya la nchi kavu linalotengenezwa kurithi Minuteman III linalotumika sasa, ilinasa hapo Januari 2024. Julai ikathibitishwa, gharama ikiwa imefika karibu dola bilioni 141. (Ndiyo, mradi ulinusurika. Miradi yenye umuhimu huo huwa inanusurika.)

Ila usichanganye na amri ya kurusha: hiyo ni ya rais pekee, na sheria haimtaki aombe kura ya Bunge kwanza.